Canon EF 50mm f/1.8 STM: lenzi isiyo na zumu kwa mtoto anayekua

Canon walitoa lenzi hii mwaka 2015 ichukue nafasi ya ile ya 1990. Ina uzito wa gramu 160 hivi, na sehemu inayoshika kamera ni ya chuma, wakati ile ya zamani ilikuwa ya plastiki. Zumu, yaani uwezo wa kuvuta picha karibu bila wewe kusogea, haina, na mzazi akiishika mara ya kwanza hilo ndilo hulalamikia. Kwa kazi ya kumpiga mtoto picha mwaka hadi mwaka, hapo hapo ndipo penye thamani yake. Zumu hufuta kipimo: mtoto wa mwaka mmoja akivutwa mpaka ajaze picha, na wa miaka kumi vivyo hivyo, ukizipanga mezani huoni tena nani alikuwa mfupi. Simu nayo, ukiibadilisha, lenzi imebadilika, na picha za mwaka huu hazilingani na za mwaka juzi.

Hesabu yenyewe ni hii. Kamera kama Canon 2000D au 250D ina kihisi, yaani kibao cha ndani kinachopokea picha, chenye upande mrefu wa milimita 22.3. Ukiishika wima, mita 5 kutoka kwa mtoto, picha inabeba urefu wa takriban mita 2.2. Mtoto wa sentimita 75 anachukua theluthi moja, wa sentimita 110 anafika nusu, kijana wa sentimita 170 yuko robo tatu. Na kwa kuwa picha ya kamera hizi ni 3 kwa 2, inaingia sawasawa kwenye karatasi ya inchi 4 kwa 6. Mwambie anayesafisha picha asikate kingo. Kila sentimita ya karatasi itakuwa karibu sentimita 15 za mtoto, kwa hiyo yule wa sentimita 75 ukimwekea rula unapata sentimita 5, na akifika 110 unapata 7 na nusu. Ukihamia kamera yenye kihisi kikubwa, hesabu hii inavunjika. Baki na aina hiyo hiyo.

Mita 5 sebuleni ni shida kuzipata, kwa hiyo tumia baraza au ukuta wa nje wenye kivuli. Pima kwa futi kutoka visigino vya mtoto hadi kwenye kamera, si kutoka ukutani, maana mwaka huu ataegemea ukuta na mwaka ujao atasimama mbele yake. Weka alama mbili za rangi ya mafuta sakafuni: moja ya visigino, nyingine ya stendi ya kamera. Alama ya mtoto iwe mbele ya ukuta kwa mita moja hivi. Ukuta wa kijani au bluu ukiwa karibu hurusha rangi yake shavuni. Kamera ikae mita 1 kutoka sakafuni, ikitazama mbele bila kuinama. Ikiinama chini, kichwa kinakua na miguu inafupika, na kipimo chako kimeharibika.

Anza na f/5.6 (upana wa tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), kasi ya 1/250 ya sekunde na ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kisha upandishe ISO kama picha ni nyeusi. Kwa umbali huo una karibu mita 2 za ukali, yaani eneo lisilo na ukungu, kwa hiyo mtoto akisogea hatua moja hapotei. Saa tatu asubuhi au saa kumi jioni ni nzuri. Saa sita jua liko utosini na macho yanabaki mashimo. Nyuma kukiwa na ukuta mweupe, kamera hudanganyika na uso wa mtoto mweusi unazama. Ongeza mwanga kati ya +2/3 na +1 kwenye kipimo cha mwanga cha kamera, halafu kagua shati la shule kwenye kioo cha nyuma cha kamera: likipoteza mikunjo yake, umezidisha.

Picha ya uso ni kazi nyingine. Wengi huinunua lenzi hii kwa ajili ya f/1.8, kisha wanashangaa kwa nini jicho moja ni kali na la pili ni moshi. Ukiwa mita 1 kwa f/1.8, sehemu iliyo kali haifiki hata sentimita 3. Rudi hadi mita 1 na nusu, weka f/2.8, unapata kama sentimita 9, zinazotosha uso. Elekeza fokasi (sehemu unayotaka iwe kali) kwenye jicho lililo karibu nawe. Kwa kichanga, lenzi inakubali kusogea hadi sentimita 35, na hapo picha nzima ni kama sentimita 10 na nusu kwa 7: kiganja kinaenea, na mistari yake inahesabika. Ile ya 1990 inaishia sentimita 45.

Kasoro za lenzi hii ya STM. Haina kizuia mtikisiko, kwa hiyo ndani ya nyumba usishuke chini ya 1/125. Injini yake ya fokasi, ndiyo hiyo STM, ni tulivu lakini haiwahi mtoto anayekimbia kukujia. Inapotafuta fokasi, bomba la mbele hutoka nje. Likigongwa likiwa nje linaweza kuharibika. Lenga mbali lirudi ndani kabla ya kuzima kamera.

Ukinunua iliyotumika, hasa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, mulika tochi ya simu upande mmoja wa lenzi na uchungulie upande wa pili. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni fangasi, na hiyo iache dukani hata ikishushwa bei. Yako ihifadhi kwenye kopo la plastiki linaloziba vizuri, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu. Kabati la nguo ndilo linaloifuga fangasi.

Na kabla ya kupiga picha ya mwaka, angalia saa ya kamera. Ikikaa muda mrefu bila betri, tarehe hurudi mwanzo, na picha ya kutimiza miaka saba itaandikwa mwaka ambao mtoto hajazaliwa.