Apu ya kutafuta kazi ninayoilipia 5,000 kila mwezi: nimeitumia miezi minne hapa Kampala

Nianze na lile litakalowafanya wengi waache kusoma: apu hii inamtoza pesa mtafuta kazi, siyo mwajiri. Shilingi 5,000 kwa mwezi, wiki mbili za kwanza bure. Najua mnachowaza. Hapa kwetu ukimwambia mtu asiye na kazi atoe pesa kwanza anawakumbuka wale wa "tuma elfu themanini ya vipimo vya hospitali uanze Jumatatu", na mimi mwenyewe yalinikuta, nilitoa elfu hamsini ya kitambulisho cha kazi kwa watu waliokuwa na ofisi kabisa, meza, kalenda ukutani, binti wa mapokezi, niliporudi siku ya tatu nikakuta mafundi wanapaka rangi chumba kilekile kiwe saluni. Nililia kwenye teksi mpaka Kireka. Kwa hiyo nilipoambiwa habari ya apu ya kulipia nilisema hapana, na nikasema hapana mara mbili zaidi.

Aliyenigeuza ni mama mmoja mwenye steshenari Wandegeya, pale ninapotoa kopi za vyeti miaka yote. Aliniona nachapisha barua ya maombi ya tano wiki hiyo akaniambia, mwanangu, hawa hawauzi kazi, wanakusaidia kutafuta, jaribu zile wiki za bure kisha uje unitukane. Sikurudi kumtukana.

Jina la apu siliandiki hapa kwa sababu wenyewe waliniomba, wako katikati ya kuhamisha sava, yaani ile kompyuta inayoendesha apu, na hawataki watu wamiminike kwa siku moja halafu kila kitu kianguke. Ila ukipita steshenari za Wandegeya au karibu na Kyambogo utaona stika ya kijani kwenye kioo, uliza hapohapo utaelekezwa.

Mi ni mwalimu wa Kiswahili, mtoto wa Busia upande wa Uganda, sasa nakaa Bweyogerere. Julai 2022 baraza la mawaziri lilipopitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari, sisi tuliokisomea tulishangilia, mi nilidhani shule zitanifuata nyumbani. Kumbe nafasi zipo lakini habari zake zinatembea kwa njia za ajabu, karatasi imebandikwa getini kwa siku mbili, mwalimu kamnong'oneza shemeji yake, au sauti ya WhatsApp imefowadiwa hadi hujui ilirekodiwa mwaka gani. Na tangu Facebook ifungwe hapa Januari 2021 mambo ya kazi yamejaa zaidi kwenye magrupu ya WhatsApp, grupu moja matangazo mia kwa siku, nusu yake ni yaleyale, na bando linaisha kabla hujafika mwisho. Bando lenyewe tangu Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12 juu yake, kwa hiyo hata kusoma tangazo la uongo unalilipia.

Sasa apu inafanya nini. Matangazo yake ni machache, hilo litakushtua siku ya kwanza. Nilifungua nikaona nafasi saba za ualimu nikasema hawa wameniibia hata kabla sijalipa. Halafu nikaona chini ya kila tangazo kuna mstari mdogo wa kijivu. Naunakili hapa, niliupiga picha: "Tumepiga simu Jumanne saa nne asubuhi. Sekretari amesema bado wanapokea mpaka Ijumaa, karatasi zipelekwe kwa mkono, siyo kwa imeili." Yaani mtu kapiga simu. Kila tangazo. Kama hawakupokelewa wanaandika hawakupokelewa, na wakipiga mara tatu bila jibu tangazo linatolewa. Wiki hiyohiyo kwenye magrupu ilikuwa inazunguka nafasi ya shule moja ya Entebbe, nilikuwa nimeshapanga niende kesho yake alfajiri, nikaitafuta kwenye apu nikakuta wameandika nafasi ilijazwa mwezi uliopita. Mtu wa Bweyogerere anajua kwenda Entebbe na kurudi ni nini, siku nzima imeenda na nauli ya wiki imeenda nayo. Pale ndipo nililipa elfu tano yangu ya kwanza, na nililipa kwa moyo.

Nimefikiria sana kwa nini tovuti nyingine hazifanyi hivi na nadhani jibu ni nani anayelipa. Tovuti nyingi za kazi ni bure kwetu, mapato yao yanatoka kwa waajiri wanaolipia nafasi zao zionekane au kwa matangazo ya biashara pembeni, sasa hapo tangazo lililokufa halimuumizi mwenye tovuti, kurasa zikiwa nyingi na wabofyaji wanakuwa wengi. Sizikatai, nazitumia bado. Lakini hapa anayelipa ni mimi, na nikienda mahali nikakuta mlango umefungwa mwezi ujao silipi, kwa hiyo simu yao ya Jumanne saa nne wanaipiga kwa ajili yangu. Hilo ndilo ninalotaka mlielewe kuhusu apu hii kuliko kitu kingine chochote.

Sehemu ya pili ni ya CV, na hapa lazima nikae kidogo. Unapakia CV yako, halafu inakuonyesha vile kompyuta ya mwajiri inavyoisoma. Mashirika mengi makubwa na mabenki siku hizi maombi yanapitia kwenye programu kwanza, inachambua maandishi na kutafuta maneno kabla binadamu hajaangalia. CV yangu ilikuwa nzuri, nilitengenezewa kwa elfu kumi, ina safu mbili, jedwali la elimu lenye mistari ya bluu, jina langu kubwa juu kabisa kwenye ile sehemu ya kichwa cha ukurasa. Nilipobonyeza, jina halikuwepo. Lile lililo kwenye kichwa cha ukurasa kuna programu zinazoliruka tu. Namba yangu ya simu ilikuwa imekatika, nusu yake imeingia katikati ya jina la shule niliyosoma. Safu mbili zilikuwa zimesomwa kwa kuvuka, mstari wa kushoto unaunganika na wa kulia, ikawa "Shahada ya Elimu, napenda kuimba, Kiswahili na Kanisa la mtaa 2019". Nilikaa nikaitazama simu muda mrefu. Miaka miwili nimetuma karatasi hiyo kila mahali kwa imeili, na huenda kule kote sikuwa na jina.

Wanakuambia cha kufanya kwa lugha nyepesi: safu moja, toa jedwali, jina liwe kwenye mwili wa ukurasa, usitume picha ya CV uliyoipiga kwa simu kwa sababu picha siyo maandishi, andika cheo cha kazi kama kilivyoandikwa kwenye tangazo. Hakuna uchawi hapo, ni mambo ambayo mtu wa ajira anayajua, ila sisi hatukuwahi kuambiwa. Niliirekebisha kwa simu tu, saa moja na nusu hivi, bila kwenda popote.

Tatizo la kwanza kubwa lilikuja mwezi wa pili. Nililipa kwa simu, pesa ikakatwa, apu ikaniandikia sijalipa. Siku mbili. Nilishaanza kuona rangi ya ile saluni machoni. Nikaandika kwa hasira, na saa tatu usiku nikapigiwa, kijana anasema "Mwalimu, samahani sana, pesa yako nimeiona, ilikwama njiani, nimekufungulia kwa mkono na nimekuongeza wiki." Nikamuuliza ofisi yenu iko wapi, nilitaka kuona kama kuna ofisi, akanielekeza bila kusitasita. Kesho yake nikaenda.

Ni chumba kimoja juu ya duka la dawa, Ntinda. Meza mbili, feni, jagi la maji, watu wawili. Kijana anaandika programu, na dada mmoja aliyefanya kazi ya ajira hotelini miaka sita ndiye anayepiga simu, ana daftari kubwa la mistari, tarehe, jina la aliyepokea, alichosema, halafu ndipo anaingiza kwenye kompyuta. Hawana mfadhili. Wameanza kwa akiba ya dada na kompyuta ya kijana, na mpaka leo kijana anatengenezea shule tovuti ili kodi ya chumba ilipwe. Piga hesabu mwenyewe, watu mia moja wakilipa ni laki tano, hapo bado salio la simu, bado meseji, bado sava inayolipwa kwa dola, dola ikipanda na wao wanapandishiwa. Niliwauliza kwa nini wasitafute mwekezaji kama wengine. Dada akasema alikuja mmoja, sharti lake lilikuwa apu iwe bure kwa watafuta kazi ili watu wawe wengi haraka, na waajiri ndio walipe. Akaniambia, "Mwalimu, akilipa yeye tutaanza kumsikiliza yeye." Wakakataa. Kuna na mwajiri aliyetaka kulipa laki tatu tangazo lake likae juu bila kupigiwa simu, naye wakamkatalia, na laki tatu kwa chumba kile ni pesa nyingi jamani.

Wanavyokua ni polepole, mtu kwa mtu. Mwenye steshenari anapata shilingi elfu moja kwa kila aliyemleta akalipa mwezi wa kwanza, ndiyo maana mama yangu wa Wandegeya alinikazania, na hakunificha, aliniambia mwenyewe. Mi naona ni akili sana, kwa sababu mtafuta kazi wa Kampala lazima apite kwenye mashine ya fotokopi, na pale ndipo yuko na CV mkononi.

Udogo wao una gharama na sisi ndio tunaoibeba. Mwezi wa tatu mtoto wa yule dada alilazwa, wiki nzima mistari ya kijivu ikasimama, matangazo yakakaa bila kuhakikiwa. Waliandika wazi kwenye apu kwamba wiki hii hatujapiga simu na sababu ni hii, wakatuongeza siku saba wote, lakini wiki ya mtafuta kazi huwezi kumrudishia. Kazi nzima ya kuhakiki inakaa kwenye sauti ya mtu mmoja. Nikiwa mimi ningemtafuta wa pili kabla ya kufikiria sava yoyote.

Halafu ni apu ya Kampala, Wakiso na Mukono, tusidanganyane. Nina mdogo wangu Mbale, aliona nafasi mbili kwa mwezi mzima nikamwambia asilipe. Arua na Gulu ndiyo kabisa. Na yote iko kwa Kiingereza, wakati wapishi, walinzi, madereva wanaotafuta kazi mji huu wengi wanaelewa Kiswahili au Kiganda vizuri zaidi. Nimejitolea kuwatafsiria, tumeshaanza na ukurasa wa kulipia.

Kuhusu usiri wa taarifa, kwa sababu najua kuna atakayeuliza: haiombi namba ya kitambulisho cha taifa wala picha yako. Sheria yetu ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 inakupa haki ya kudai taarifa zako zifutwe, na apu ina kitufe cha kufuta, nilikijaribu kwa ile CV yangu ya safu mbili, nikaingia tena kwa simu ya jirani kuhakikisha, haipo.

Matokeo sasa. Mwaka uliotangulia nilituma maombi zaidi ya sitini, nikaitwa mara mbili. Kwa miezi hii minne nimeomba kumi na moja tu, nimeitwa intavyuu nne, na muhula huu nafundisha Kiswahili S1 na S2, yaani miaka miwili ya kwanza ya sekondari, kwenye shule ya binafsi Mukono, siku tatu kwa wiki. Siwezi kuapa kwamba ni apu peke yake, intavyuu nilizifanya mwenyewe, lakini milango ile minne yote ilikuwa wazi nilipofika. Bado nalipa, natafuta shule ya siku mbili zilizobaki.

Nawapa nyota nne. Kama uko Kampala au karibu, una vyeti na umechoka kuzunguka, lipa mwezi mmoja uone. Kama elfu tano kwa sasa ni chakula cha nyumbani, tumia wiki mbili za bure kwa ajili ya CV pekee, hiyo inatosha kukutoa mahali. Niliwaomba waweke bei ya wiki kwa watu wa namna hiyo, dada akasema wataanza kujaribu 1,500 kuanzia mwezi ujao, wakiianzisha nitarudi kuandika hapa.