Rangi za nywele zinazouzwa Lubumbashi: ipi inaweza kumgusa mbwa, ipi ibaki saluni

Meza za urembo katika soko la Kenya au la Mzee zina rangi za kila namna: vifuko vya unga mweusi, maboksi yenye tyubu mbili, makopo ya krimu ya buluu na waridi kali, hina, na kwa muuzaji wa jirani chupa ndogo za rangi ya keki. Zimetengenezwa kwa ajili ya kichwa cha mtu, au kwa ajili ya keki. Wenye mbwa weupe huzinunua hata hivyo, kisha swali linawafikia waosha mbwa na mavaterinere: inakubalika?

Jibu letu linaanzia kwenye ulimi. Mtu akishapaka rangi hajilambi kichwa. Mbwa hujilamba kutwa, na kilicho kwenye manyoya asubuhi jioni kiko tumboni. Kwa hiyo bidhaa hizi tumezipima kwanza kama kitu kitakacholiwa, urembo ukafuata.

Boksi lenye tyubu mbili tunalipatia alama sifuri. Tyubu ya kwanza ina amonia, au ethanolamine ambayo harufu yake ni ndogo, pamoja na molekuli ndogo za rangi ambazo bado hazijaiva. Ya pili ina maji ya oksijeni (hydrogen peroxide), ambayo hapa tunayaita oksijeni tu. Amonia hufungua magamba ya unywele, molekuli zinaingia ndani, oksijeni inaziunganisha ziwe kubwa zisiweze tena kutoka. Kazi nzuri kwa nywele za mtu. Lakini angalia tyubu ya pili: 20, 30 au 40 “vol.” maana yake ni oksijeni ya 6%, 9% au 12%. Veterinere humtapisha mbwa aliyekula sumu kwa oksijeni ya 3%, na hata hiyo kwa tahadhari kwa sababu huchubua tumbo. Hapo mtu anataka kuweka mara mbili hadi nne yake juu ya mnyama anayejilamba.

Ngozi nayo si ile ile. Tabaka la juu la ngozi ya mbwa lina unene wa seli 3 hadi 5, la mtu 10 hadi 15. Uchachu wa ngozi ya mtu ni pH karibu 5.5, ya mbwa hukaribia 7. Dawa iliyopimwa ikaonekana haimuunguzi mtu haijapimwa kwa ngozi hiyo. Na manyoya mazito huficha kinachotokea chini: utaona jeraha siku manyoya yanapoanza kubanduka na ngozi yake.

Unga mweusi wa kifuko ndio unaodanganya zaidi. Unachanganywa na maji tu, kwa hiyo watu hudhani ni mpole. Mara nyingi oksijeni imo ndani ya unga wenyewe, na rangi yake inatokana na PPD, inayoandikwa p-phenylenediamine kwenye etiketi. Umoja wa Ulaya hauruhusu izidi 2% katika mchanganyiko unaopakwa kichwani. Ikimezwa, uso na koo huvimba, misuli huharibika, mkojo huwa mweusi, figo hushindwa kazi. Madaktari wa Sudan na Moroko wanaijua vizuri sumu hii kwa watu. Majina mengine ya kukataa kwenye etiketi ni toluene-2,5-diamine, resorcinol na m-aminophenol. Likionekana moja, rudisha kifuko mezani.

Ushahidi upo. Kituo cha wanyama cha kaunti ya Pinellas, Florida, nchini Marekani, kilipokea mbwa mdogo mweupe wa jamii ya Malta aliyepakwa zambarau kwa rangi ya watu. Macho yalikuwa yamevimba hadi kujifunga, ngozi imeungua, na aliponyolewa vipande vikabanduka. Walimwita Violet. Alipona, lakini baada ya matibabu marefu ya vidonda, maji ya mshipani na dawa za maumivu.

Sasa makopo ya krimu, zile rangi kali ambazo hazichanganywi na kitu. Hizi tunazikubali kwa masharti. Etiketi yake huonyesha majina yanayoanza na Basic, HC au Acid, kama Basic Blue 99 au Acid Violet 43, na haina oksijeni wala amonia. Rangi hukaa juu ya unywele bila kuufungua, kwa hiyo hupungua kila unapoosha. Manic Panic ya New York ni mfano unaojulikana wa aina hii, ila kumbuka bado imetengenezwa kwa watu. Aina zilizotengenezwa kwa mbwa hasa, kama OPAWZ, ni bora ukiweza kuziagiza kutoka nje. Hata hapo soma maandishi kabla ya kulipa: neno mbwa kwenye boksi halifuti kilichoandikwa nyuma kwa herufi ndogo. Kopo lenye mafuta ya mti wa chai likatae pia. Ni sumu kwa mbwa. Manukato makali nayo ni adhabu kwa pua ya namna ile.

Krimu hii inaonekana kwenye manyoya meupe au ya maziwa tu. Juu ya kahawia huleta kivuli, juu ya nyeusi haileti kitu. Mwuzaji atakushauri uyafanye meupe kwanza. Hapo mazungumzo yaishe, maana kuyafanya meupe ni kurudi kwenye ile oksijeni.

Hina safi si sumu kali, lakini haifai kazi hii. Inataka kukaa saa kadhaa ikiwa mbichi, na hakuna mbwa atakayekaa saa hizo bila kulamba. Ikishashika haioshwi, utasubiri manyoya yakue. Na hina “nyeusi” inayoshika ndani ya nusu saa si hina tupu, mara nyingi ni PPD iliyovaa jina lingine.

Vya jikoni: rangi ya keki na maji ya betrave (kiazi chekundu, beetroot) hutoa waridi hafifu linalopotea baada ya kuosha mara moja au mbili. Salama, ila sukari ya betrave huita nzi na sisimizi, hivyo suuza. Bizari ya manjano hushika kila kitu, pamoja na kochi. Usitumie kahawa, majani ya chai wala kakao kupata rangi ya udongo, kwa sababu vina sumu kwa moyo wa mbwa. Maganda ya vitunguu, yanayotia nguo rangi vizuri, yaache kabisa: kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Rangi ya kupulizia ukuta au gari hatuipi hata alama, na anayejaribu kuiondoa kwa esanse (petroli) anaongeza moto juu ya moto.

Namna ya kufanya, kwa krimu iliyokubaliwa. Siku mbili kabla, paka kiasi cha punje ya mhindi nyuma ya shingo, mahali ulimi haufiki, acha dakika 20, suuza, usubiri saa 48. Wekundu, mikwaruzo au kujikuna kunamaliza habari. Siku yenyewe jaza maji kabla ya kufungua kopo: bidoni mbili za lita 20, ya vuguvugu, kwa sababu bomba likikauka rangi ikiwa kichwani hutapata wa kumlaumu. Mwoshe kwa shampuu ya mbwa, mkaushe hadi mzizi, chana mafundo yote. Fundo likibaki linameza krimu nayo haisuuziki, na hapo ndipo ngozi huwaka.

Sehemu tunazokubali ni upande wa nje wa masikio, ncha ya mkia, na mstari wa juu ya shingo. Uso hapana, ndani ya sikio hapana, tumbo na sehemu za siri hapana, na miguu hapana, maana ndiyo inayolambwa kwanza. Gramu 30 zinatosha masikio mawili na mkia wa kanishe (poodle). Nyunyiza maizena kwenye manyoya ya jirani ili rangi ikidondoka isishike. Vaa glavu, paka kwa brashi ya saluni kuanzia sentimita moja kutoka kwenye ngozi kwenda nje, funika kwa karatasi ya aluminiamu iliyolegea.

Karatasi hiyo wengine huishikiza kwa mpira. Makosa makubwa hutokea hapa kuliko kwenye rangi. Mpira wa kufungia hela ukizungushwa kwenye mkia au ncha ya sikio hukata damu. Manyoya yanauficha, mwenye mbwa anausahau, na baada ya siku chache ncha inakuwa nyeusi na kufa. Tumia kibanio cha nywele kinachoshika manyoya peke yake, uvihesabu vibanio ukiviweka na ukivitoa.

Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Mtu wa pili amshike na kumpa vipande vya nyama. Mbwa anayetetemeka, anayehema bila joto, au anayegeuza kichwa na kuonyesha weupe wa macho amekwisha kukujibu, mwoshe umwachie. Suuza kwa kumwaga kutoka juu kwenda chini, mgongo wa mkono ukikinga jicho, mpaka maji yatoke meupe kabisa. Maji yenye rangi kidogo ndiyo yatakayotoka tena mvua ikimnyeshea, yakaishia kwenye shuka. Mashine ya kukaushia iwe kwenye hewa baridi. Kola ya plastiki shingoni hadi akauke.

Kwa Lubumbashi kuna jambo la msimu. Juni na Julai asubuhi na usiku ni baridi kweli, basi mwoshe saa sita mchana, na si mbwa mdogo aliyekonda. Vumbi jekundu la kiangazi hulala juu ya waridi na kuligeuza tofali ndani ya siku chache. Buluu na zambarau huvumilia zaidi, ingawa jua huzipausha na buluu ya bei rahisi huishia kijani cha matope. Msimu wa mvua nao huleta funza wa ngozini, wale wa nzi wanaotaga kwenye mchanga na nguo zisizopigwa pasi. Mbwa mwenye uvimbe wa funza, upele, kidonda cha kupe au mba asipakwe chochote. Kama umemdondoshea dawa ya kupe shingoni, acha saa 48 kabla na baada ya kuosha, la sivyo unaiondoa dawa na kubaki na kupe. Mbwa chini ya miezi sita, mwenye mimba au anayenyonyesha tunamkataa bila mjadala.

Saluni ya watu ikikubali kumpaka mbwa, omba kuona kopo na kusoma nyuma yake kabla mbwa hajashuka kwenye gari. Fundi asiyejua pH wala jina la kiungo, lakini anasema “hii haina amonia”, hajakujibu: PPD haihitaji amonia ili iunguze.

Kuhusu haki, watu wa nje nao hawajakubaliana. Mji wa Boulder, Colorado, unakataza kuwapaka wanyama rangi, na mwaka 2008 mwenye saluni alichukuliwa hatua huko kwa sababu ya kanishe wa waridi, ingawa alisema ametumia betrave. RSPCA, shirika la kutetea wanyama la Uingereza, inashauri kutowapaka kabisa. Mwaka 2024 bustani ya wanyama ya Taizhou nchini China iliwapaka mbwa wa aina ya chow chow rangi nyeusi na nyeupe ili wafanane na panda. Sisi tunatofautisha. Sikio la buluu kwa mbwa mtulivu, rangi ya kupungua, tunalivumilia, ingawa hatulipendi: macho ya mbwa huona buluu na manjano, nyekundu hayaioni, kwa hiyo waridi ni starehe ya bwana wake peke yake. Rangi inayomfanya mbwa aonekane kitu asicho ni udanganyifu, na mtoto wa mbwa anayepakwa ili auzwe kama berje (mbwa wa jamii ya mchungaji) halisi anaibiwa ngozi huku mnunuzi akiibiwa fedha. Kabla ya kulipa, sugua mgongo kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji ya vuguvugu, kisha kwa pamba yenye alkoholi. Tenganisha manyoya uangalie mzizi: rangi ya kupaka mara nyingi huacha mzizi tofauti, ngozi yenye mabaka ya rangi ile ile, na manyoya magumu kama nyuzi.

Ajali ikitokea, yaani ngozi imekuwa nyekundu, mbwa anapiga kelele akiguswa, uso umevimba au anatokwa mate mengi, mwagia maji ya vuguvugu yanayotiririka dakika 15 mfululizo, macho pia. Usipake mafuta, usipake dawa ya meno, usimpe maziwa, usimtapishe, kwa sababu kinachounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Lubumbashi ina bahati ya kuwa na kitivo cha udaktari wa mifugo katika UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), na mavaterinere waliosoma hapo wanafanya kazi mjini. Mpeleke siku hiyo hiyo, hata kama ametulia, maana figo zinaweza kuchelewa kuonyesha. Chukua na boksi, pamoja na karatasi iliyokuwa ndani yake: veterinere anahitaji orodha ya viungo na asilimia ya oksijeni.