Mti una makofi mangapi?

Niliapa sitaandika kitu, maana mume wangu anasema nikianza siishi. Lakini juzi mwalimu mwenzangu kaniuliza kama ile semina ya muziki na miondoko kwa walimu wa msingi inafaa, alipe au aachane nayo, nikajikuta nafoka kwenye simu mpaka salio likakata. Basi nayamwaga hapa, asome mwenyewe.

Siku tatu, ukumbi wa hoteli moja Dar, likizo fulani iliyopita. Ada nimetoa mfukoni, shule haikuchangia hata nauli. Nafundisha darasa la tatu, watoto themanini na ushee, na tangu lije hili somo la Sanaa na Michezo nimekuwa nikiwaimbisha nyimbo zilezile nilizoimbishwa mimi. Nikasema ngoja nikaongeze maarifa.

Siku ya kwanza, baada ya chai, mwezeshaji akatoa kadi zake. Kadi ya pea: kofi moja, “ta”. Kadi ya tufaha: makofi mawili ya haraka, “ti-ti”. Kwa Kiingereza, huko zilikotoka kadi, pea hutamkwa kwa mkupuo mmoja na tufaha kwa miwili, kwa hiyo jina la tunda lenyewe linabeba mapigo. Njia nzuri, siikatai. Ila kwetu pea ni pe-a, na tufaha ni tu-fa-ha. (Wanangu wa darasani hilo pea wala hawajawahi kulitia machoni, lakini tuyaache hayo.) Mama mmoja kutoka Handeni akauliza kwa adabu zote: “Mwalimu, na hili tufaha tulipigeje, mbona limetuzidi?” Ukumbi ukacheka. Mwezeshaji hakucheka. Akasema haya, tuchukue neno fupi la Kiswahili, akaandika ubaoni: MTI. Kofi moja.

Mimi nikapiga mawili.

Wallahi sikukusudia. Mikono ilikwenda yenyewe. M, ti. Akasimamisha watu wote. “Madam wa kitenge cha njano, hebu simama. Piga tena.” Nikapiga. Mawili. Akawageukia wenzangu: “Mnaona? Tunataka kufundisha mapigo na wenyewe hatuyasikii.” Akaniambia nikae, nisikilize wengine kwanza. Mbele ya walimu arobaini! Na mmoja wao nilimfundisha kusoma mimi, darasa la kwanza, kwa silabi hizohizo. Kijana akainamia simu yake kwa aibu aliyonionea.

Sasa niulizeni mimi, au waulizeni washairi. Mti una silabi mbili. Ile “m” inasimama peke yake, tena ndiyo inayobeba mkazo. Mtu, mto, mke, nchi, nge, nne, vivyo hivyo. Anayetunga shairi la mizani 16, yaani silabi 16 kila mshororo, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili), akiuhesabu mti kuwa mizani moja, mshororo wake utachechemea na wasikilizaji watamzomea. Babu yangu hakwenda shule hata siku moja na hilo alilijua.

Nililala na donge. Usiku nikawa nasoma kwenye simu habari za huyo Carl Orff, mtunzi wa muziki wa Kijerumani mwenye njia hii ya kufundisha, waliyekuwa wakimtaja kila baada ya sentensi mbili. Nikazidi kuwaka. Kumbe mzee wa watu, na mwenzake Gunild Keetman, walitaka mtoto aanze na maneno ya kinywani mwake, mashairi yake, michezo ya kwao. Vipindi vyao vya redio kule Bavaria, mwaka 1948, vilikuwa hivyo, na watoto wa Kijerumani walianza na Kijerumani chao. Maana yake mwezeshaji wetu hakunikosea mimi tu, alimkosea na huyo aliyebandika picha yake ukutani.

Na marimba je? Walileta sita, mbao safi, zinang'aa, zimepangwa mbele kama keki za harusi. Siku nzima ya kwanza tukaambiwa tusiziguse. Wakati Orff mwenyewe alifumbuliwa macho na marimba iliyotoka huku kwetu Afrika! Imepanda meli kwenda, imerudi kwa ndege, halafu mama wa Handeni haruhusiwi kuigusa.

Kwa hiyo jibu langu lilikuwa hili: usiende. Na ningeishia hapo kama siku ya pili mchana yule bwana asingepata dharura, akamwachia msaidizi wake, dada mdogo tu, wa kuweza kuwa binti yangu.

Huyu aliingia na ngoma moja, akasalimia shikamoo kwa wote waliomzidi, akaanza kupiga bila kueleza kitu. Tukatembea. Akiharakisha, tunaharakisha. Akinyamaza, unaganda ulivyo, mguu juu kama korongo. Walimu wakubwa wazima tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Kisha akatufundisha ngazi nne za mwili: kualika vidole, makofi, mapaja, kukanyaga chini, kila kundi na lake, sauti zikapandana mpaka wahudumu wa hoteli wakaja kuchungulia mlangoni. Halafu akatuita kwenye marimba. Akanionyesha namna ya kunyanyua vibao, mikono miwili, kila ncha na mkono wake, taratibu. Ukitoa noti ya fa na ukitoa ya si, alisema, zinabaki tano ambazo mtoto hawezi kukosea, apige popote. Nikapiga popote. Kweli sikukosea.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, mti makofi mangapi?” Akaangalia mlango kwanza. “Mawili, mama. Nilimwambia asubuhi.”

Shule ilipofunguliwa niliwapeleka watoto chini ya mwembe, maana darasani hapatoshi, nikawafanyia ile ya kutembea na kuganda kwa ndoo iliyopasuka na mwiko. Haikunigharimu shilingi. Kuna mtoto mmoja, hata jina akiitwa huwa hajibu, aliganda na mikono juu, wenzake wote wamemaliza yeye bado, anatabasamu peke yake. Baadaye nikaandika kwenye udongo kwa kijiti: MTU, MTO, MTI. Nikasema pigeni. Themanini na ushee, hakuna hata mmoja aliyepiga kofi moja.

Ndiyo maana sijui nimjibu nini mwenzangu. Siku moja na nusu ya matusi, siku moja na nusu ya dhahabu, na cheti kina sahihi ya mwenye matusi. Huenda na mimi nina kiburi, huenda njaa ya asubuhi ilichangia, sambusa zenyewe zilikuwa mojamoja. Lakini hapana, mti ni mawili.

Hatua ya pili wametangaza kuwa likizo ijayo. Nimesema siendi ng'o. Mama wa Handeni kanitumia ujumbe jana usiku kwamba atakayeongoza ni yule dada, siku zote tatu. Nimeshatuma nusu ya ada.