Injini ya Lister ya kutumia mafuta ya kupikia: nilichouziwa Gerezani, Dar es Salaam

Jamani naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Wewe unayetafuta injini ya kizamani ya kuendeshea mashine ya kusaga kwa mafuta ya alizeti au yale ya chipsi yaliyochoka, soma kwanza hapa.

Mimi nilijua ninachotaka. Lister CS, ile ya Dursley Uingereza, maana mafuta yake yanapigwa kwanza kwenye kichumba cha pembeni chenye moto mkali na injini inazunguka taratibu, mizunguko 650 kwa dakika, kwa hiyo hata mafuta mazito yanawahi kuungua. Nikamweleza muuzaji yote hayo, akaapa, "Mama, hii ndo yenyewe, orijino." Nikauliza mbona kile kigurudumu cha ubavuni mwa silinda hedi (kifuniko cha juu ya silinda), kinachofunga na kufungua sehemu ya kichumba hicho, hakipo, akasema kilivunjika, spea iko njiani.

Uongo mtupu! Fundi alipofungua hedi, kichumba hakuna, pistoni ina bakuli juu, yaani ni kopi ya India inayopiga mafuta moja kwa moja juu ya pistoni. Na mimi nawasha kwa dizeli, mafuta nayachuja, nayapasha kwa joto la eksozi, kabla ya kuzima narudisha dizeli, lakini wapi. Nozeli, ile ya kunyunyizia mafuta, imetoka ncha nzima imeota kaboni nyeusi ngumu mpaka fundi akaikwangua kwa kisu, ringi zimeganda, oili imekuwa nzito haitaki hata kutiririka.

Nikarudi dukani na nozeli mkononi. Unajua alinijibu nini? "Mama, mambo ya injini kamlete mzee wako tuongee." Mbele ya wateja! Akacheka eti mafuta ya kupikia ni ya kukaangia maandazi. Nikamwambia mwaka 1900 kule Paris watu waliiona injini ya dizeli ikizunguka kwa mafuta ya karanga, akageukia simu yake.

Sasa kwa haki, kwa dizeli tupu hiyo injini inapiga kazi vizuri, inakoboa na kusaga bila kuchoka, anayetaka ya dizeli tu labda akachukue... hapana, nafuta hilo. Mtu anayekudanganya uso kwa uso na kukudharau usimnunulie hata nati. Mwenye CS ya kweli, kigurudumu kikiwepo na hedi haijachezewa, anicheki, niko Singida, nitakuja na fundi wangu aifungue kabla sijatoa hela.