Rafu ya Hadithi za Watoto: Tathmini ya Duka Moja la Vitabu Mjini Mtwara

Mzazi wa Mtwara anayetafuta kitabu cha hadithi kwa ajili ya mtoto, si cha kiada wala cha maswali ya mitihani iliyopita, hana maduka mengi ya kuzunguka. Duka ninalolizungumzia hapa liko mitaa ya jirani na soko kuu, na jina lake sitalitaja kwa kuwa nina ya kulisifu na ya kulilaumu. Anayenunua madaftari ya watoto kila Januari atalitambua bila shida.

Sifa yake kubwa ni kwamba mnunuzi anaruhusiwa kufungua kitabu kabla ya kulipa. Kwingineko vitabu hukaa nyuma ya kaunta, vingine vikiwa ndani ya nailoni, na mteja huishia kununua jalada. Hapa kuna benchi kando ya rafu, na mama anayeuza huwaambia wazazi vijana, "Mwache asome mwenyewe, mwanangu, usimsomee." Ushauri huo una thamani kuliko kibandiko chochote kilichomo dukani, kwa sababu mtoto akifunguliwa ukurasa wa katikati na kuachwa asome kwa sauti, mzazi atajua mara moja kama kitabu kinamfaa: akikwama neno moja au mawili anaweza kuendelea nacho, lakini akikwama kila mstari kitamchosha kabla hadithi haijakolea.

Kwa bahati mbaya, rafu yenyewe haifuati ushauri wa mama huyo. Vitabu vimepangwa kwa darasa, kana kwamba watoto wote wa darasa la tatu husoma kwa kasi moja, ilhali kila mwalimu anajua kuwa wapo wanaotoka darasa la pili, baada ya miaka miwili ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), wakiwa bado wanaunganisha silabi, na wapo wanaosoma gazeti la baba. Mpangilio bora ni ule wa African Storybook, mradi wa hadithi za bure ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ambao hupanga hadithi zake, zikiwamo za Kiswahili, katika ngazi tano kuanzia maneno ya kwanza hadi hadithi ndefu za kusomewa kwa sauti. Hadithi hizo zinaruhusiwa kuchapwa, na duka lenye mashine ya kurudufu, kama hili, lingeweza kuziuza kwa gharama ya karatasi tu.

Kuhusu ubora wa vitabu vyenyewe, nilikaa zaidi na kimoja kinachosimulia familia ya wakulima wa korosho, nikidhani ndicho kingewavutia watoto wa huku. Lugha yake ni safi, sentensi ni fupi bila kuwa kavu, na mazungumzo ya bibi na mjukuu yana uhai. Lakini mchoraji ameweka korosho ndani ya bibo kama kokwa ndani ya embe, wakati mtoto yeyote wa Newala au Tandahimba anajua kuwa korosho huning'inia nje, chini ya bibo. Nimeona watu wakidharau kasoro za aina hii kwa kuwa "ni picha tu". Mimi siwaungi mkono, kwani msomaji mdogo huanza kwa kuamini picha, na ikimdanganya katika jambo analolijua, hana sababu ya kuamini maneno. Katika kurasa mbili, tena, maandishi meusi yamechapwa juu ya picha ya usiku na hayasomeki vizuri hata mchana.

Mnunuzi aangalie pia mgongo wa kitabu. Vilivyobanwa kwa pini hupata kutu upesi kwa hewa yetu ya bahari, na kurasa za katikati ndizo huchomoka kwanza. Vilivyoshonwa ni ghali kidogo, ila hudumu hadi kwa mdogo wake.

Mwalimu anayenunulia maktaba ya shule ana jukumu la ziada. Februari 2023 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilipiga marufuku vitabu 16 vya ziada kutumika shuleni, na duka lenye wateja walimu lingepaswa kubandika orodha hiyo ukutani. Sikuiona.

Flashi za katuni zinazouzwa karibu na mlango sizipendekezi, kwa kuwa hazionyeshi nani ametengeneza kilichomo wala kinamfaa mtoto wa umri gani. Anayetaka katuni za kujifunzia kwa Kiswahili ana Ubongo Kids, kipindi cha hisabati na sayansi kilichoanza mwaka 2014 kikitengenezwa Dar es Salaam, na hicho hupatikana mtandaoni bila kulipia zaidi ya bando.

Kwa jumla ya vitabu vilivyopo, hadithi za Kiswahili ni chache na huisha mapema, hasa zile za watoto wanaoanza kusoma. Duka hupokea oda, na mzigo huletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam. Anayeagiza aandike jina kamili la kitabu na la mchapishaji, alipe sehemu tu ya bei, na achukue risiti inayoonyesha kuwa kikija chenye kurasa zilizoruka kitabadilishwa.