Uzoefu wangu wa kudai bima ya maisha ya marehemu kaka: mikataba miwili, kampuni moja, malipo mawili tofauti

Kaka yangu mkubwa alifariki hospitalini mjini Mombasa kwa maradhi ya figo, akaacha mikataba miwili ya bima ya maisha kutoka kampuni moja ambayo sitaitaja jina. Wa kwanza aliukata zamani alipoanza kazi, na wa pili aliukata baada ya kupata watoto, nao ulikuwa haujatimiza miaka miwili alipofariki. Mimi ndiye niliyefuatilia madai kwa niaba ya wifi yangu. Ninaandika haya kwa sababu mikataba hiyo ilikuwa na hatima tofauti kabisa, na tofauti yenyewe ilitokana zaidi na yaliyoandikwa katika fomu kuliko na wema au ukaidi wa kampuni.

Nianze na lililokwenda vizuri. Mkataba wa pili ulikuwa na kifungu cha gharama za mazishi, na fedha hizo tulizipata kabla ya kumzika, kwa kuwasilisha kibali cha mazishi na vitambulisho tu. Kifungu hicho kilikuwa na muda wa kusubiri wa miezi michache kwa kifo kitokanacho na maradhi, ilhali kifo cha ajali kingelipiwa tangu siku ya kwanza. Kaka alikwisha kuuvuka muda huo. Wanaokata bima ya namna hii kwa ajili ya mzazi ambaye tayari ni mgonjwa wakiulize kifungu hicho kwanza, kabla ya kuuliza kiasi cha malipo ya kila mwezi.

Fedha kubwa ya mkataba huo ndiyo iliyotutaabisha. Tulipeleka cheti cha kifo, fomu ya madai iliyojazwa na daktari aliyemtibu, mkataba halisi, vitambulisho na maelezo ya akaunti ya benki, tukadhani kazi imekwisha. Kumbe kwa kuwa mkataba ulikuwa mchanga, kampuni iliomba faili lake lote la hospitali ili kulinganisha maradhi yaliyomwua na majibu aliyoyatoa alipoomba bima. Huo ulikuwa wasiwasi wetu mkubwa, kwani kaka alikuwa na shinikizo la damu kwa miaka mingi, nalo ni jambo linalojulikana kuharibu figo.

Nilipousoma mkataba wake nilikuta orodha ya yasiyofidiwa ambayo wengi huisikia juujuu kwa wakala: kujiua ndani ya mwaka wa kwanza, kifo katika vita au fujo ambazo mwenye bima alishiriki, kifo akiwa anatenda uhalifu, na michezo ya hatari ambayo haikutajwa mapema. Hayo ni mambo machache, na familia nyingi hazitakutana nayo kamwe. Hatari iliyo karibu zaidi na watu wa kawaida haikuwamo katika orodha hiyo, bali ilikuwa katika ukurasa wa tamko, pale mwombaji anapotia sahihi kwamba majibu yake yote kuhusu afya ni ya kweli na kwamba kampuni inaweza kuufuta mkataba ikigundua kuwa alificha jambo zito. Kaka hakuficha. Aliandika shinikizo la damu, akaandika na dawa alizotumia, na kampuni ikampandishia ada ya kila mwezi kwa sababu hiyo. Ninakumbuka alivyolalamikiwa na rafiki zake kwamba analipa zaidi bila sababu. Mistari ile miwili ya mwandiko wake ndiyo iliyomlipia mke wake.

Tuliombwa pia kuthibitisha kwamba mkataba ulikuwa hai siku aliyofariki, kwa sababu malipo ya mwezi wa mwisho yalichelewa alipolazwa. Mkataba uliruhusu siku 30 za ziada baada ya tarehe ya kulipa, na taarifa ya M-Pesa ilionyesha kwamba alilipa ndani ya siku hizo. Bila ushahidi huo sijui tungejitetea vipi.

Ninachoilaumu kampuni ni ukimya. Kila tulipouliza tulijibiwa kwamba faili linashughulikiwa, wala hakuna aliyetueleza kwamba kuna uchunguzi au ni karatasi gani inayosubiriwa. Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, inaipa kampuni siku 90 tangu dai liliporipotiwa, na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, hupokea malalamiko ya wateja. Nilipoyataja hayo mawili katika barua rasmi, nikaambatisha orodha ya nyaraka zote zilizopokelewa na tarehe zake, jibu la maana lilikuja upesi, na wifi yangu akalipwa sehemu yake.

Sehemu ya watoto ilibaki. Kaka aliwaandika watoto wake wawili kuwa wanufaika bila kumtaja mtu mzima wa kuwapokelea, na mtoto aliye chini ya miaka 18 hawezi kutia sahihi hati ya kupokea malipo. Ikabidi mama yao alete vyeti vya kuzaliwa na hati za kuthibitisha ulezi, na mashauriano yakaanza upya kuhusu namna ya kuzitunza fedha hizo. Ni usumbufu ambao mstari mmoja wa jina la mdhamini, yaani mtu mzima wa kuwapokelea, ungeuzuia, na ninaamini ni wajibu wa wakala kuuliza jambo hilo mteja anapowataja watoto wake wadogo.

Mkataba wa zamani haukuwa na uchunguzi wowote, kwani miaka ilikuwa imepita. Mnufaika wake pekee, hata hivyo, alikuwa mama yetu, ambaye alitangulia kufariki, na jina lake halikubadilishwa. Fedha hizo zikahesabiwa kuwa sehemu ya mirathi. Tumepata barua ya chifu inayotaja warithi, tumefungua shauri mahakamani, tangazo limetoka katika gazeti rasmi la serikali na siku 30 za pingamizi zimepita. Sasa tunasubiri ile miezi sita ya kisheria kabla ya hati ya usimamizi wa mirathi kuthibitishwa na mahakama, ndipo kampuni itoe hundi.

Kwa huduma ya mazishi ningeisifu kampuni hii mbele ya mtu yeyote, na kwa uamuzi wake wa mwisho sina kinyongo. Kwa mawasiliano haikututendea haki. Nimekata bima yangu kwao mwaka huu, nikiwa nimeandika mnufaika wa akiba endapo wa kwanza atanitangulia, mdhamini wa mwanangu mdogo, na pumu yangu ya tangu utotoni, na nakala ya fomu nzima iliyogongwa muhuri wao nimempa mume wangu.