FORScan na OBDLink EX kwa gia boksi ya 10R80: inafuta, haitibu

Wenye Ford Ranger na F-150 za otomatiki ya gia 10 wanaujua ule mstuko: unaachia mafuta ukikaribia tuta, unakanyaga tena, na pikapu inaruka mbele kana kwamba imegongwa kwa nyuma. Ushauri wa kwanza watakaopewa ni kufuta kumbukumbu ya gia boksi kwa FORScan, programu ya Windows, ikiunganishwa na gari kwa kifaa cha OBDLink EX. Kama vyombo vya kazi, viwili hivi vinastahili sifa zake. Kama dawa ya mstuko, mara nyingi vinasifiwa kupita kiasi.

Gia boksi ya 10R80, yaani hiyo otomatiki ya gia 10, iliyoingia kwenye F-150 ya mwaka 2017, ina klachi sita, na katika kila gia nne zinakuwa zimeshika. Kubadilisha gia ni klachi moja kuachia huku nyingine ikishika, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kadiri sahani za klachi zinavyolika, kompyuta hurekebisha presha na muda wa kujaza oili, kisha huyaweka marekebisho hayo kwenye kumbukumbu. Ikiwa ilijifunza wakati oili imepungua, au kabla ya solenoidi (vali ya umeme inayoongoza oili) kubadilishwa, inaendelea kutumia hesabu ambazo hazilingani tena na hali ya gia boksi. Hapo ndipo kufuta kunasaidia kweli.

Kazi yenyewe ni fupi. Hakikisha betri ina chaji ya kutosha, au iweke kwenye chaja yenye volti zisizoyumba, kwa sababu volti zikishuka katikati ya mawasiliano unaweza kuachiwa taa kibao kwenye dashibodi. Chomeka kifaa kwenye soketi ya OBD (ya uchunguzi wa gari) chini ya usukani, washa swichi bila kuwasha injini, unganisha, soma misimbo ya hitilafu kwenye moduli zote (kompyuta ndogo za gari) na uihifadhi. Usiifute bado. Kisha fungua ukurasa wa huduma, chagua kufuta kumbukumbu ya gia boksi, fuata maelekezo, zima swichi na usubiri kidogo kabla ya kuwasha tena.

Wengi huishia hapo, halafu wanalalamika kwamba gari limezidi kustuka. Ni lazima lizidi, maana limesahau kila kitu. Oili ikishapata moto kamili, kanyaga breki na uhamishe leva taratibu: R, N, D, ukisubiri sekunde tatu au nne kila kituo, mara kadhaa. Baada ya hapo tafuta barabara tupu. Ondoka kwa mafuta kidogo hadi kilomita 80 kwa saa ukiacha gia zipande zenyewe, achia, punguza kwa breki laini hadi usimame kabisa, tulia kidogo, rudia. Mara tano ni kima cha chini. Kumi ni bora. Ukikanyaga mafuta hadi chini muda huo, unaifundisha gia boksi upande mmoja tu wa kazi, na ule mstuko wa mwendo wa taratibu mjini utabaki palepale.

Lakini thamani kubwa ya FORScan iko kwenye data ya moja kwa moja kuliko kwenye kufuta. Weka pamoja joto la oili, gia iliyoamriwa, mizunguko ya shafti ya kuingia na ya shafti ya kutoka. Gia ya 6 ina uwiano wa 1.275, kwa hiyo shafti ya kutoka ikizunguka 1,200 kwa dakika, ya kuingia iwe 1,530. Ukiona ya kuingia inapanda hadi 1,700 wakati gia inabadilika kwenda juu, kisha inashuka kwa kishindo, klachi imechelewa kushika. Chukua rekodi kabla ya kufuta na nyingine baada ya kuifundisha upya. Zikifanana, tatizo ni la chuma au la oili, na kufuta tena na tena ni kupoteza muda.

Kwenye 10R80 za mwanzo chuma hicho kinajulikana. Bushi ndani ya ngoma ya klachi iitwayo CDF huhama mahali pake, presha ya oili inavuja, na mstuko huonekana hasa kwenye gia za kati. Hakuna programu inayorudisha bushi mahali pake. Gia boksi inashushwa. Oili nayo ni Mercon ULV pekee. Mercon LV ni nzito zaidi, na majina kufanana kumewaponza wengi.

Kuna jambo moja dogo ambalo watu hulipita: tairi. Ukitoka 265/70R17 kwenda 285/70R17, mzingo unatoka takriban milimita 2,522 hadi 2,610, yaani asilimia 3.5. Injini inabeba mzigo zaidi katika gia ileile, na gia boksi inaanza kupanda na kushuka ovyo kwenye vilima. FORScan inaruhusu kuandika mzingo mpya, ambao unarekebisha spidomita. Uwiano wa difu haubadiliki kwa kuandika namba, kwa hiyo ukivuta tela tumia kitufe cha Tow/Haul, yaani hali ya kuvuta mzigo.

Kuhusu kifaa chenyewe: OBDLink EX hutumia USB na inabadilisha yenyewe kati ya mitandao miwili ya mawasiliano ya gari. Nakala za bei rahisi za ELM327, aina nyingine ya kifaa cha OBD, zenye swichi ya kubadilisha mtandao kwa mkono hufaa kusoma misimbo, ila hazifai kuandika chochote. OBDLink EX haitumiki na simu, kwa hiyo laputopu ni lazima. Toleo la Windows la programu ni la bure, ingawa baadhi ya kazi zinadai leseni ya nyongeza.

Anayetaka kuhamisha hasa mwendo ambao gia inapandia, au kuongeza presha ya klachi kwa makusudi, kwenye FORScan hatapata. Hiyo ni kazi ya programu za kutyuni (kubadilisha mipangilio ya kiwanda ya kompyuta ya gari) kama HP Tuners, na huko warranti iko hatarini.